Maswali Niulizwayo juu ya Kazi ya Picha



Tangu nilipokabidhiwa kamera ya chama chetu cha habari, sipumziki kwa maswali. Nikiwa katika mstari wa chakula, naulizwa. Nikiwa nafua shati langu siku ya Jumamosi, naulizwa. Wadogo wa mwaka wa kwanza huuliza bei ya kamera. Wenzangu wa mwaka wa sita huuliza mshahara. Walimu huuliza kama nimemaliza kazi yao kwanza kabla ya kuzunguka na kamera. Mjomba wangu, ambaye ndiye alipaye karo yangu, naye ana swali lake, nami nitalieleza mahali pake. Basi nimeona heri niyajibu yote hapa kwa mara moja, kwa kadiri nilivyojifunza likizo ya mwezi wa Aprili, nilipofanya kazi siku 12 katika studio ndogo ya picha karibu na soko la Batsinda. Siandiki kama fundi. Mimi ni mwanafunzi wa miaka 19 aliyeharibu picha ya mtu, kisha akasamehewa.

Kwa wale wasioijua, Batsinda iko upande wa kaskazini wa mji wa Kigali, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Mwaka 2008 jamaa nyingi zilizokuwa zikikaa Kiyovu ya chini, karibu na katikati ya mji, zilihamia huku katika nyumba zilizojengwa kwa ajili yao. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Wakati ule nilikuwa na umri wa miaka miwili, kwa hiyo Kiyovu siikumbuki. Naijua kwa picha moja tu, iliyopigwa na mpiga picha wa kupita, aliyekuwa akizunguka mitaani na kamera shingoni. Mama amesimama mlangoni, mimi nimo mgongoni mwake, na mlango umepakwa rangi ya buluu. Nyumba ile haipo tena. Lakini nikiulizwa nyumbani kwetu pa kwanza palikuwaje, husema kwamba mlango ulikuwa wa buluu, nami nasema kweli, ingawa sikumbuki. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii.

Sasa niyajibu maswali.

La kwanza: kamera ipi iliyo bora?

Swali hili huulizwa kuliko yote, nalo ndilo jepesi. Kamera bora ni ile uliyo nayo, mradi unajua mwanga unatoka wapi. Msidhani natoa jibu la maskini anayejifariji. Mwaka 2000 mpiga picha Mmarekani, David Jiranek, aliwapa watoto wa makao ya yatima ya Imbabazi, yaliyoanzishwa na Bibi Rosamond Carr upande wa Gisenyi, kamera zile za bei ndogo ambazo filamu yake ikiisha kamera nayo imekwisha. Hawakupewa vyombo vikubwa. Picha walizopiga zilionyeshwa hata ng'ambo, na baadhi ya watoto wale walipokua wakawa wapiga picha wa kazi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba hawezi kuanza kwa kuwa ana simu tu, namwambia kwamba simu yake ina uwezo mwingi kuliko kamera zile za Imbabazi.

Juu ya mwanga, fundi wangu wa Batsinda alinifundisha mambo mawili, nami nawapa bure. Jambo la kwanza, sisi tunakaa karibu sana na ikweta, digrii mbili tu kusini yake. Saa sita za mchana jua huwa karibu juu ya utosi, na macho ya mtu hujaa kivuli yakawa kama mashimo. Ukitaka uso wa mtu, mpige picha saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Na kama huwezi kungoja, msimamishe mlangoni, ndani kidogo, atazame nje.

Jambo la pili, kamera haina akili ya kumjua aliye mbele yake. Imetengenezwa itake mwanga wa kadiri, basi. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso wake ukatoka giza tupu. Yakupasa uongeze mwanga kwa mkono wako mwenyewe. Katika simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha ile alama ya jua isukume juu kidogo. Zamani maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu; ngozi zetu hazikuwamo katika hesabu ile. Vyombo vya siku hizi ni afadhali, lakini mwenye macho asiiachie mashine kazi ya kutazama.

La pili: je, kazi hii inalipa?

Mjomba huliuliza kwa maneno mafupi zaidi. Husema, "Picha huliwa?" Yeye ni fundi wa mabomba ya maji. Amenilipia karo tangu mwaka wa kwanza, na tamaa yake ni kuniona nikijenga barabara. Mtu wa namna hiyo hajibiwi kwa utani. Kwa hiyo nilichukua daftari nikaandika kila aliyeingia studio kwa zile siku 12. Waliingia watu 97. Kati yao 71 walitaka picha ndogo za maombi ya kazi, shule na hati za safari. Watu 14 walileta simu zao, wakachapishiwa picha zilizokuwamo. Watu 9 walileta picha za zamani zipate kunakiliwa. Jamaa 3 walikuja kupigwa picha pamoja na watoto wao. Harusi hazikuwapo, kwa kuwa ilikuwa majuma ya maombolezo. Na zile picha za kupendeza tuzionazo magazetini, za simba na za wanariadha, haikupigwa hata moja.

Kodi ya chumba, umeme, wino na karatasi vilipotolewa, fundi alibakiwa na riziki ya nyumba yake, wala si zaidi. Picha ndogo ndizo zilizolipa kodi. Basi anayetaka kazi hii akubali kwanza kumpiga picha mtu wa 71 kwa uangalifu uleule aliompigia wa kwanza, maana kwa mtu yule picha ile huenda ndiyo itakayompatia kazi. Nilimpelekea Mjomba daftari langu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akalifunga, akasema, "Angalau umejifunza kuhesabu."

La tatu: mtu asomee wapi?

Njia ni zaidi ya moja. Atakaye habari kwa ukamilifu wake, yaani kuandika, redio na televisheni, kuna shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iliyoanzishwa Butare mwaka 1996. Atakaye filamu, kuna Kwetu Film Institute hapa Kigali, iliyoanzishwa na Bwana Eric Kabera. Atakaye picha zenyewe, kuna Kigali Center for Photography, iliyoanzishwa na Bwana Jacques Nkinzingabo, ambaye mwenyewe alijifunza kwa kufanya kazi. Msidharau pia kukaa miguuni pa fundi wa mtaani. Mimi siku 12 zilinifundisha mambo ambayo nisingeyapata katika kitabu.

Wengi wetu hupenda kumtaja Mohamed Amin, na ni haki yake kutajwa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, akaanza kupiga picha akingali mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix huko Dar es Salaam, naye alikuwa kijana aliyetuzidi sisi kwa mwaka mmoja tu. Mwezi wa Oktoba 1984 filamu aliyoipiga Korem, katika Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, ilionyesha njaa ile kwa ulimwengu, na watu wa mataifa mengi wakatoa misaada. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akakatika mkono; akafungiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Mwaka 1996 alikufa katika ndege iliyotekwa nyara, ikaanguka baharini karibu na Komoro.

Wadogo zangu huisikia habari hii wakashika sifa tu. Mimi nawaomba wahesabu miaka. Toka 1963 hata 1984 ni miaka 21. Katika miaka yote hiyo mtu yule aliamka asubuhi akaenda kazini, na kazi nyingi alizofanya hakuna azikumbukaye leo. Siku ya Korem ilipofika, ilimkuta mikono yake imekwisha kuzoea.

La nne: mpiga picha akiona mtu yumo taabuni, asaidie au apige picha?

Hili liliulizwa na mdogo mmoja wa mwaka wa pili katika mkutano wa chama chetu, na chumba kizima kikanyamaza. Nilimjibu kwa mfano wa mji wetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Mwingereza aitwaye Nick Hughes alikuwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa hapa Kigali, akapiga filamu ya watu wakiuawa barabarani ng'ambo ya bonde. Alikuwa mbali, kushuka asingewahi, wala asingeweza kuwazuia wauaji. Filamu ile ni katika chache mno zilizoonyesha mauaji yenyewe yakitendeka, nayo baadaye iliwekwa kuwa kielelezo mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha. Mwaka 2001 Hughes huyo na Eric Kabera walitoa filamu ya hadithi iitwayo 100 Days, juu ya mambo yaleyale.

Mdogo wangu yule akauliza tena, "Basi alifanya vema?" Nilimwambia nionavyo mimi. Kama mkono wako waweza kumfikia mtu, weka kamera chini umshike. Kama hauwezi kumfikia, usiondoe macho, ili asije mtu kesho akasema kwamba halikutendeka.

Tena wale wanaotaka kazi ya habari kwa ajili ya kuonekana katika televisheni, wajue wanaingia nyumba ya namna gani. Katika nchi yetu maneno ya magazeti na redio yalipata kuua. Gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990, na redio ya RTLM, iliyoanza mwaka 1993, yalifundisha watu kuwachukia jirani zao hata wakawaua. Mwaka 2003 mahakama ileile ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi ya vyombo hivyo. Nchi hiihii pia ndiyo yenye Kinyamateka, gazeti la Kanisa lililoanza mwaka 1933, ambalo babu zetu wengi walilisoma. Wino ni ule ule. Tofauti iko katika mkono. Picha peke yake haisemi sana. Maneno unayoyaandika chini yake ndiyo yanayoiongoza, na mwenye kuyaandika hana budi kuwa na hakika nayo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana bila hilo majibu yangu yote ni ya kusomea tu.

Jumanne moja fundi alikuwa amekwenda Kayonza kwa jamaa zake, akaniachia studio. Saa tatu asubuhi akaingia mama mzee wa mtaa wetu wa juu, niliyemfahamu kwa sura tu. Nikampa kiti. Akafungua kitambaa, ndani ya kitambaa mna bahasha, na ndani ya bahasha mna picha isiyozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Ilikuwa picha ya kijana, nyeusi na nyeupe, ya aina iliyobandikwa zamani kwenye vitambulisho. Alikuwa ndugu yake mdogo, aliyeuawa mwaka 1994. Picha nyingine yake haikusalia. Alitaka ikuzwe na kutiwa katika fremu, kwa sababu siku ambayo ukoo wao hukumbuka wafu wao ilikuwa imebaki juma moja.

Nikamwambia, "Bibi, usiwe na wasiwasi."

Mpaka hapo nilifanya vema. Niliilaza picha mezani karibu na dirisha, mwanga ukaingia kwa ubavu ili karatasi isimetemete. Nikaiweka kamera juu yake sawasawa, isiinamie upande wowote, nikaipiga. Akaifunga picha yake katika bahasha, na bahasha katika kitambaa, akaenda zake.

Nikabaki na kompyuta. Karatasi ile ilikuwa na mikunjo na madoa. Nikaondoa doa moja, nikafurahi. Nikaondoa la pili. Mkunjo mmoja ulipita shavuni, nikaufuta. Mstari mwingine mfupi ulishuka katika nyusi ya kushoto, nao nikaufuta. Nikauangaza uso. Nikaunyosha ukosi wa shati. Na kila nilipobadili, niliihifadhi picha mpya juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa nilidhani ya kwanza haina kazi tena. Jioni nikaichapa kwa ukubwa wa ukurasa wa daftari, nikaitia katika fremu, nikaitundika ukutani niitazame. Nawaambia kweli, nilijisifu.

Alhamisi mama yule akarudi. Nikamkabidhi fremu kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama tena. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu aulizaye habari za mgeni aliyefika mtaani:

"Kijana mzuri. Ni wa nani?"

Nilidhani labda macho yake hayaoni vizuri. Nikasema, "Bibi, ni ndugu yako."

Akatikisa kichwa. Akaweka kidole chake juu ya nyusi yake ya kushoto. Alisema kwa Kinyarwanda, nami nayaeleza maneno yake kwa Kiswahili kadiri niwezavyo: "Hapa alikuwa na kovu. Alianguka tulipokuwa tukitoka kisimani, naye angali mdogo. Mama alikuwa ameniambia nimshike mkono, nami nilikuwa nimeuachia. Alipokua alinitania kwalo kila siku. Huyu hana kovu. Huyu mimi simjui."

Sikuwa na neno. Nilikuwa nimedhani ni uchakavu wa karatasi, kumbe ni uso wa mtu. Mimi, niliyekuwa nikimsifu mpiga picha asiyejulikana kwa ajili ya mlango wa buluu, nilikuwa nimeufuta mlango wa mwenzangu.

Na shida ilizidi, kwa sababu picha ya kwanza sikuwa nayo tena katika mashine. Ilinibidi kumwomba aitoe tena ile ya asili. Alisita. Aliushika mfuko wa kanga yake, pale alipokitia kile kitambaa, akanitazama usoni kama apimaye kitu. Ningekuwa yeye, huenda ningeondoka. Mwishowe alikifungua, lakini picha hakuiachilia. Aliiweka mezani kwa mkono wake mwenyewe, akaishika pembeni kwa ncha ya kidole gumba, akasema, "Fanya."

Nikafanya. Safari hii sikubadili kitu pasipo kuuliza. Nilimkalisha kando ya kompyuta, nikamwonyesha kila alama. "Hili ni doa, Bibi, au ni lake?" Akajibu, "Hilo ni doa, liondoe." "Na huu?" "Huo ni mkunjo." Tulipofika kwenye nyusi hatukuuliza wala kujibu, tuliliacha. Mwisho nikamwonyesha kwamba ncha ya kidole chake imeonekana pembeni ya picha, nikamwuliza kama niikate. Akafikiri, akasema, "Kiache. Safari hii nimemshika."

Picha ile ndiyo aliyokwenda nayo. Fedha ya karatasi na fremu ya kwanza ilitoka mfukoni mwangu.

Fundi aliporudi nilimweleza yote, nikitazamia kufukuzwa. Hakunifukuza. Alichukua kipande cha karatasi ngumu, akaandika maswali matatu, akakibandika juu ya kompyuta. La kwanza: Huyu ni nani? La pili: Ni kitu gani nisichokigusa? La tatu: Picha hii itakaa wapi? Chini yake akaongeza amri moja, kwamba nakala ya kwanza ihifadhiwe peke yake wala isiguswe kamwe. Aliniambia, "Watu watakuuliza maswali mengi juu ya kazi hii. Kazi yenyewe inaanza unapouliza wewe."

Nilipokuwa na miaka 15 tulipelekwa na walimu kwenye Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari wa Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004. Si mbali na kwetu Batsinda. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna chumba ambamo picha zimetundikwa toka chini hata juu, zilizoletwa na jamaa za wafu: picha za harusi, za ubatizo, za vitambulisho, watu wakicheka, watoto wakiwa wamevaa viatu vipya. Wakati ule niliona huzuni, nikaona tena kwamba nyingi hazikupigwa kwa ufundi. Likizo hii nilikwenda mara ya pili, peke yangu. Sikutazama ufundi. Niliwaza kwamba kila moja ilifunguliwa kutoka katika kitambaa na mtu fulani, akaiachilia. Niliwaza tena jinsi zilivyo chache zikilinganishwa na hesabu ya waliolala pale nje. Wengi mno hawakubakiwa hata na ile ya ukubwa wa kiberiti.

Ndiyo maana siku hizi, mdogo akiniuliza kama aruhusiwa kumpiga picha mtu yeyote njiani, humjibu kwa kifupi: muulize mwenyewe. Iko sheria ya mwaka 2021 ilindayo habari za watu binafsi, na ni vema kuijua. Lakini hata pasingekuwa na sheria, uso ni mali ya mwenyewe. Akikataa, mshukuru uende zako.

Mjomba bado hajaniruhusu. Amesema nifanye mtihani wa taifa kwanza, halafu tutazungumza, nami namtii. Lakini Jumapili ya kutembelewa alipokuja kuniona, alitoa kitabu chake cha sala mfukoni, na kati ya kurasa zake mlikuwa na nakala yake ya ile picha ya Kiyovu, imefifia, pembe moja imeliwa na mende. Akaniuliza kama yaweza kukuzwa. Nikamwuliza, "Mjomba, kuna kitu chochote humu nisichokigusa?"

Akafikiri kitambo, akasema, "Mlango."

Sasa namaliza kwa ombi langu, nalo nalielekeza hasa kwenu ninyi wanafunzi wa zamani. Katika ukumbi ulio nje ya ofisi ya Mkuu wa shule yetu imetundikwa picha ya wavulana 24 katika safu tatu, miguu mitupu, na padre mmoja katikati. Kila mwanafunzi hupita mbele yake akienda kuomba ruhusa au kupokea adhabu. Nimeuliza walimu, nimeuliza mpishi mzee, na nyuma ya picha nimetazama: hapana jina, wala mwaka. Wa pili kutoka kushoto, safu ya mbele, amefungwa kitambaa mkononi. Wa mwisho, safu ya nyuma, anacheka wakati wengine wote wamenuna.

Chama chetu kimekwisha kuinakili, na nakala ya kwanza hatutaigusa. Kama yuko kati yenu amjuaye hata mmoja wao, kwa kuwa ni yeye mwenyewe, au baba yake, au jirani yake, tafadhali atuandikie kwa anwani ya gazeti hili. Na kama yeye anayo picha yoyote nyumbani kwake, aitoe leo, aigeuze, aandike majina kwa kalamu ya risasi, taratibu, asiitoboe karatasi. Tunangoja barua zenu.